Kanda Iliyosimama Saa Tisa Mchana

Wafanyabiashara walimwita Gramu, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka mji hadi mji na gari la ofisi, nyuma kumejaa masanduku ya mawe ya kupimia, na kila alipofika kwenye ghala au duka aliyapanga mawe yale juu ya mizani ya mwenyeji, akainama, akasoma, kisha akasema kwa sauti ya upole kama anayetoa pole, "Hii inakula gramu arobaini, ndugu yangu." Hapo hata aliyemkaribisha kwa kiti na chai alianza kumtazama kwa jicho la pembe.

Hao hakuwaogopa. Alishatukanwa, alishafungiwa geti, siku moja alirushiwa kopo la rangi, na usiku wake akalala usingizi wa pono. Kilichomtia hofu kilikuwa nyumbani, ghorofa ya tatu, kwenye vyumba viwili alivyoishi na baba yake.

Baba alikuwa amepiga video za harusi kwa miaka thelathini, na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mzee Kamera. Mwaka uliopita alipata kiharusi kidogo. Mdomo ulipinda siku tatu, ukarudi mahali pake. Daktari alimvuta Gramu pembeni akamwambia, "Huyu mgeni amebisha hodi tu. Mwangalieni asije akaingia." Maneno hayo Gramu alitembea nayo kama kokoto ndani ya kiatu.

Baba mwenyewe hakutaka kuangaliwa. Binti aliyeletwa kumsaidia kazi za nyumbani, mzee alimwondoa baada ya wiki moja, kwa kosa la kumuuliza kila asubuhi kama ameamka salama. Na Gramu alipopiga simu mara ya tatu kwa siku, alijibiwa, "Mwanangu, mimi si mizani ya muuza sukari. Acha kunipimapima."

Basi akabaki peke yake kila Gramu aliposafiri, wiki mbili kwa mwezi, yeye na kanda zake.

Kanda zenyewe zilikuwa mia mbili na kumi na mbili, zimepangwa kwenye kabati kwa namba alizoziandika kwa mkono wake. Zilianza kuota ukungu. Gramu alizihamisha moja moja kwenye diski, na kwa kuwa kanda ya saa mbili huhamishwa kwa saa mbili, hakuna njia ya mkato, kazi hiyo ilimla miezi minane. Kompyuta kuukuu ambayo ofisini kwao walitaka kuitupa aliiweka chini ya TV, akaunganisha diski, na fundi wa kompyuta wa ofisi akamwekea programu iliyozipanga kanda zote kama maktaba. Baba alibonyeza rimoti tu, harusi ya miaka ishirini iliyopita ikamjia mbele ya macho. Fundi huyo huyo ndiye aliyemfungulia Gramu njia ya kuifikia maktaba ile akiwa mbali. Popote penye mtandao, simu yake ilivuta picha kutoka chini ya TV ya nyumbani.

Kwenye nyumba za wageni, akishavua viatu, alitazama. Zaidi alitazama kanda moja isiyokuwa na harusi. Baba alikuwa ameiacha kamera mezani ikiwa inarekodi bila kujua, mwenyewe akiwa kwenye ngazi anafunga taa ya barazani. Picha haionyeshi kitu, ukuta na nusu ya pazia. Lakini sauti ya mama inasikika wazi. "Tulia hapo hapo. Usishuke. Nakuja kukushikia." Mama alikuwa na miaka tisa kaburini, na katika kanda mia mbili na kumi na mbili za mume wake hiyo ndiyo sauti yake pekee iliyobaki, kwa sababu aliichukia kamera kama ukoma.

Siku moja, akiwa safarini, Gramu aligundua kitu kingine. Juu kabisa ya ukurasa wa maktaba ile palikuwa na mstari mdogo: Inachezwa sasa, TV ya Sebuleni. Chini yake namba ya kanda, na uzi wa kijani unaosogea kadiri baba anavyotazama huko nyumbani.

Hakumwambia. Alijua angeambiwa anamchungulia mzazi wake, na kweli alikuwa anamchungulia. Lakini kutoka siku hiyo moyo wake ulipata mahali pa kushika. Baba alikuwa mtu wa saa. Saa nane mchana, akishakula na kuosha sahani yake, aliketi na kanda moja akaitazama moja kwa moja mpaka mwisho, akijikosoa kwa sauti: hapa nilitikisa mkono, hapa nimemkata bibi harusi kichwa. Saa kumi uzi ulifika mwisho, naye akalala. Gramu hakuhitaji kupiga simu tena mara tatu. Alitazama uzi.

Siku ya mambo haya alikuwa mji wa mbali, mwendo wa saa saba kwa gari, ndani ya ghala la nafaka. Saa nane na dakika nane simu ilimwonyesha kanda ya hamsini na saba imeanza. Akairudisha mfukoni, akaendelea na kazi. Saa tisa, wakati vibarua wanashusha mawe ya kilo ishirini ishirini kupima mizani kubwa ya sakafuni, alichungulia tena. Uzi ulikuwa umesimama kwenye dakika ya hamsini.

Amekwenda chooni, alijiambia. Akasoma mizani, akaandika. Robo saa baadaye uzi ulikuwa pale pale.

Amepata mgeni. Lakini nani humtembelea Mzee Kamera saa za kanda zake? Alitoka nje ya ghala, akapiga simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mara ya tatu alihesabu milio.

"Mkaguzi, tunakusubiri," aliita mwenye ghala.

"Nakuja."

Ndipo uzi uliposogea. Gramu alishusha pumzi, akakaribia kucheka. Kumbe mzee wa watu alikuwa amelala kitini. Uzi ulikwenda sekunde sita. Ukasimama. Ukaenda tena sekunde tatu. Ukasimama. Kisha ukaruka nyuma, ukaenda, ukaruka nyuma tena.

Baba hakuwahi kurudisha kanda nyuma hata siku moja. "Kilichopita kimepita," ndivyo alivyosema, "harusi hairudiwi." Aliyekuwa anabonyeza rimoti ile hakuwa baba anayetazama kanda. Alikuwa mtu mwingine, au alikuwa baba, lakini si baba wa kila siku.

Wazo la kwanza lilikuwa mwizi. Akaliacha hapo hapo. Mwizi hubeba TV, hachezei rimoti. Wazo la pili lilipokuja, akakaa juu ya gunia lililokuwa mlangoni mwa ghala. Mkono unaobonyeza, ukateleza, ukabonyeza tena. Mkono usiosikia amri. Na simu ya baba ilikaa siku zote juu ya friji, mahali ambapo mtu aliyelala sakafuni hapafikii.

Alimpigia jirani wa mlango wa pili, fundi cherehani ambaye wakati wote alikuwa nyumbani akishona.

"Dada, nakuomba, mgongee baba. Sasa hivi. Hapokei simu."

"Si alikuwa hapa kwenye ngazi asubuhi, kanitania gauni langu?"

"Mgongee tu, dada."

Cherehani ilinyamaza. Gramu alisikia ndara zikikimbia koridoni, kisha ngumi mlangoni. "Mzee! Mzee, hodi!" Kimya. "Mzee Kamera!" Halafu sauti ya jirani ilirudi karibu na simu, sasa imeshuka. "Mdogo wangu, TV inasikika. Muziki unaanza, unakatika. Unaanza, unakatika. Lakini yeye haitiki."

"Fungua. Una ule ufunguo niliokuachia."

"Nimefungua. Mlango hausukumiki. Ameweka komeo ndani."

Komeo lile baba alilifunga mwenyewe baada ya kiharusi, chuma cha unene wa kidole, kwa kuwa hakutaka watu wamwingilie na huruma zao. Gramu alikuwa amelikataa. Kisha, kwa kuchoka kubishana, alikuwa amenyamaza.

"Kuna yule mchomeleaji wa chini," alisema. "Mwambie aje na mashine ya kukatia chuma. Mwambie ni mimi nimesema, akate mlango wote kama ikibidi."

"Nakwenda. Usikate simu."

Gramu hakukata. Aliweka sauti ya simu wazi, akaendelea kukodolea macho ule uzi. Sekunde mbili. Kimya. Sekunde moja. Kimya kirefu kuliko cha mwanzo. Dereva wa ofisi, mtu mzima wa maneno machache, alikuwa amemwona, akaja akasimama karibu yake bila kuuliza.

"Baba ameanguka," Gramu alimwambia. "Yuko hai, anabonyeza rimoti. Lakini anachelewa. Ona anavyochelewa."

Dereva alitazama uzi, hakuelewa kitu, akaenda kuwasha gari.

Kubonyeza kuliendelea kupungua. Gramu aliona hawezi kukaa tu akihesabu. Kutoka kwenye simu yake aliweza kuiamrisha TV ile icheze anachotaka. Hakuwahi kufanya hivyo kwa kuogopa kumshtua mzee. Alikosea mara mbili. Alitaka baba ajue kwamba ameonekana, kwamba watu wanakuja, asijaribu kuinuka akajiumiza zaidi. Alitafuta ile kanda ya taa ya barazani, akaipeleka kwenye TV, akapandisha sauti mpaka mwisho.

Kwenye simu, kupitia mlango uliofungwa, kupitia sikio la jirani aliyekuwa amerudi akihema, aliisikia ikitokea huko.

"Tulia hapo hapo. Usishuke. Nakuja kukushikia."

"Mdogo wangu," jirani alinong'ona, "ndani kuna mwanamke."

"Ni mama."

Jirani alikuwa mmoja wa waliomwosha marehemu.

"Ni kanda, dada. Ni mimi nimeiweka kutoka huku. Usiogope."

"Siogopi," alisema jirani, na meno yake yalisikika yakigongana.

Gramu aliirudia kanda ile mara ya pili, na ya tatu. Uzi wa kijani sasa ulikwenda bila kukatwa. Hakuna mkono uliousimamisha. Alitaka kuamini kwamba baba amesikia, ametulia. Lakini mtu aliyetulia na mtu aliyekata roho, kwenye uzi wa kijani wanafanana, na kulijua hilo kulimfanya atamani ule mchezo wa kukatika-katika urudi.

Mchomeleaji alifika, akaichomeka mashine yake kwenye umeme wa koridoni. Ikanguruma. Chuma kikapiga kelele. Na papo hapo kila kitu kilizimika: kelele, muziki, uzi. Kwenye simu ya Gramu yakabaki maneno matatu kwenye ukurasa mweupe: Maktaba yako haipatikani. Mashine ilikuwa imeangusha umeme wa ghorofa nzima.

"Dada? Dada!"

Simu nayo ilikatika. Alipiga, ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Vibarua walisimama na mawe mikononi, na mwenye ghala, ambaye mizani yake ilikuwa imekutwa inakula kilo nzima, alimletea maji kwenye kikombe na kumshikia akinywa. Dakika kumi na moja zilipita. Gramu alizijua zote kumi na moja, moja baada ya nyingine.

Kisha jirani akapiga.

"Tumeingia. Simu ilinidondoka gizani. Kavunja kwa mtaimbo, mashine ilikataa. Yuko hai. Macho yako wazi. Upande wa kushoto haumtii, na mdomo umekwenda. Tunamteremsha sasa hivi, watu wanne wamemshika. Wewe njoo. Usilie, njoo."

Hakulia. Njia yote ya saa saba hakulia. Kila baada ya muda aliifungua simu akautazama ule ukurasa mweupe, akijua vyema kwamba nyumbani hakuna mtu wa kuwasha kitu. Asubuhi ilimkuta kwenye benchi la wodi, mkono wa baba ndani ya mkono wake, mzito na wa baridi kama mojawapo ya mawe yake. Daktari alimwambia mgeni ameingia kweli safari hii, ila wamemwahi. Saa moja zaidi, alisema, halafu hakumalizia.

Ilichukua wiki tano maneno kurudi. Yalirudi moja moja, yamekunjamana. Siku ambayo baba aliweza kusema sentensi nzima walikuwa nyumbani asubuhi, mlango mpya hauna komeo, Gramu anamkata kucha.

"Nikuulize," alisema baba. "Nani aliwaambia?"

Gramu aliweka mkasi chini. Alikuwa amejiandaa kwa swali hilo wiki zote tano, na bado lilimkuta bila nguo. Akamweleza yote: mstari mdogo, uzi wa kijani, miezi mingapi amekuwa akiutazama. "Nikaona unabonyeza. Nikajua unaniita."

Baba alimkazia macho. Jicho la kushoto lilikuwa bado linachelewa.

"Sikukuita," alisema. "Ningekuitaje, nami sikujua kama unaniona? Nilikuwa natafuta kuzima. Ile harusi ya hamsini na saba ina tarumbeta moja baya sana. Kichwa kinapasuka, tarumbeta linalia, rimoti iko chini ya mbavu, naibonyeza wala haizimi."

Gramu alicheka. Baba hakucheka naye.

"Halafu nikamsikia mama yako," alisema baba. "Ananiambia nitulie, anakuja kunishika. Ndiyo nikaacha kubonyeza. Nikajua basi, yamekwisha. Mwanangu, miaka tisa nimesema mimi siogopi kufa, nitamkuta. Uongo. Nilimsikia anakuja, nikaogopa kama mtoto. Nikataka kumwambia asije, na mdomo haufunguki. Akasema tena. Akasema tena. Umeme ukazimika, chumba kikawa cheusi, nikasikia vishindo mlangoni. Nikafumba macho nisimwone. Mke wangu mwenyewe."

Gramu alitaka kusema alidhani anamfariji. Alitaka kusema hakuwa na sauti nyingine. Alichukua mkono wa baba akaendelea na kucha, polepole, akiogopa kukata nyama.

"Usiifute," alisema baba baadaye. "Lakini usiniwekee tena bila kunipa taarifa."

"Sitaiweka."

"Na ule uzi wako, tazama. Nikikukataza utatazama tu kwa kuiba."

Ofisini alipewa likizo, kisha kazi ya karakana ya mawe ya kupimia kwa miezi mitatu, kisha bosi akamwambia kwa upole kwamba mizani ya nchi haijikagui. Siku ya kurudi safarini jirani alihamishia cherehani yake sebuleni kwa Mzee Kamera kwa wiki zote mbili, na mzee, ajabu, hakumfukuza. Gramu aliingia garini. Walipofika mji wa kwanza, mbele ya duka la kukaguliwa, saa nane mchana aliifungua simu.

Hapakuwa na kitu kinachochezwa. Saa nane na nusu, hapakuwa na kitu. Alijua jirani yuko pale. Alijua mzee sasa hulala mapema, dawa humlegeza. Alijieleza hayo yote kwa sauti, dereva akiitikia kwa kichwa. Saa tisa kasoro robo akapiga.

"Amelala," alisema jirani. "Anakoroma hapa kama trekta. Nikusikilizishe?"

"Nisikilizishe."

Jirani aliisogeza simu. Gramu aliziba sikio la pili kwa kidole, akasikiliza: pumzi inaingia, inakawia, inatoka. Nyuma yake muuza duka alikuwa ameshafuta vumbi kwenye mizani, amesimama anangoja akaguliwe.